Kusoma eksirei ya tumbo ukishuku utumbo umeziba: anzia chini, fuata gesi

Hii nawaandikia hasa maintani, matabibu na manesi mlioko hospitali za wilaya, kule ambako mashine ya eksirei ipo lakini sitiskani (CT scan) mpaka umpeleke mgonjwa mkoani au hospitali ya kanda kama Bugando, KCMC au Mbeya, na saa hizo ni saa nane usiku. Mgonjwa kalala, tumbo limejaa, anatapika, siku ya tatu hajapata choo na hata upepo hatoi, picha imeshaletwa, daktari wa upasuaji yuko nyumbani na ukimpigia atakuuliza mambo manne tu: umeziba kweli? ni mwembamba au mpana? umeziba maeneo gani? umeshatoboka au unaanza kufa? Nataka uweze kuyajibu hayo manne ukiwa umeishika picha, na pale picha isipoweza kujibu ujue haiwezi, usiilazimishe.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: usianze na levo, yaani mistari ya mlalo pale hewa inapokaa juu ya maji ndani ya utumbo. Najua ndivyo wengi tunavyorithishana wodini, picha ya kusimama inapandishwa kwenye boksi la taa, mtu anahesabu levo za maji na hewa, zikifika nne tano basi "imeziba hiyo". Levo anazo mtoto anayeharisha, anazo mtu aliyepigwa enema (maji ya kusafisha choo kupitia njia ya haja), anazo mama ambaye utumbo umelala tu, yaani umeacha kusukuma kwa muda, siku ya pili baada ya operesheni. Kinachotofautisha ni gesi imefika wapi na imeishia wapi. Utumbo ukiziba unavimba juu ya pale ulipoziba, na chini yake unanywea, kwahiyo unachotafuta ni ule mpaka kati ya kilichovimba na kilichonywea. Ndo maana nasema anzia chini kwenye rektamu, ile sehemu ya mwisho ya utumbo kabla ya njia ya haja, panda nayo.

Kabla ya picha, mgonjwa mwenyewe

Mfunue mpaka mapajani. Usipapase juu ya kanga wala shuka, na usione aibu kumwambia mzee wa watu au mama mtu mzima "samahani, naomba nikuangalie na huku chini", maana ngiri iliyokwama inagundulika kwa mkono ndani ya dakika moja na ni moja ya sababu kubwa kabisa za utumbo kuziba kwenye hospitali zetu. Kwa akina mama wenye umri mkubwa kauvimbe kadogo ka kwenye mkunjo wa paja, chini kidogo ya kinena, kanapitwa sana, kanadhaniwa ni tezi. Angalia na makovu: aliyewahi kufanyiwa operesheni ya tumbo, hata upasuaji wa kujifungua wa miaka kumi iliyopita, anaweza kuwa na adhesheni, yaani utumbo umegandana na kovu la ndani.

Muulize kilianza nini. Kutapika mapema, tumbo halijajaa sana, hiyo inaelekea juu. Tumbo limejaa kwanza, choo na upepo vimekata, kutapika kumekuja siku ya pili ya tatu na matapishi yana harufu ya choo, hiyo inaelekea chini. Maumivu yanayokuja na kuachia ni ya utumbo unaosukuma kikwazo, maumivu yaliyokaa moja kwa moja hayaachii, tena na homa na mapigo ya moyo yanakimbia, hayo ni ya utumbo unaokosa damu, na hapo picha isikucheleweshe hata kidogo.

Kidole cha rektamu lazima, ila kama unaweza kifanye baada ya picha. Sababu ni kwamba ukiingiza kidole au ukipiga enema unaingiza na hewa, alafu kwenye picha unaona gesi kwenye rektamu unasema "ah, haijaziba". Kama umeshafanya, andika saa kwenye fomu.

Na mgonjwa aliyekauka maji asiende chumba cha eksirei bila dripu. Weka laini, maji ya Ringa yaende, mpira wa puani uingie mpaka tumboni na uachwe wazi unachuruzika kwenye mfuko, katheta iwekwe uone mkojo. Mama wa umri wa kuzaa muulize hedhi yake ya mwisho na pima ujauzito. Haya yote yanafanyika wakati mtu wa eksirei anaamshwa.

Omba picha zipi

Picha mbili ndo msingi: tumbo akiwa amelala chali, na kifua akiwa amesimama. Wengi wanaomba tumbo la kusimama tu, na hapo ndo tunakosea hesabu, kwa sababu picha ya kulala ndo inayokuonyesha mpangilio wa utumbo, upana wake na mikunjo yake vizuri, wakati akisimama vitu vyote vinashuka na kurundikana nyonga. Ya kifua ni kwa ajili ya hewa iliyotoka nje ya utumbo, inakaa chini ya kiwambo kile kinachotenganisha kifua na tumbo. Tumbo la kusimama ni la tatu, linasaidia, sio la kwanza.

Kabla ya kupiga ya kusimama, mgonjwa akae wima dakika 5 mpaka 10, hewa ipande. Ukimsimamisha na kumpiga papo hapo hewa kidogo haitaonekana. Kama hawezi kusimama, na wengi hawawezi, usimlazimishe akaanguka, mlaze ubavu wa kushoto muda uleule, mionzi ipite kwa mlalo, hewa iliyotoka itaonekana kati ya ini na ukuta wa tumbo upande wa kulia ulioko juu. Kwa nini kushoto? Kwa sababu ukimlaza kulia, hewa itakwenda kukaa karibu na tumbo la chakula ambalo lina hewa yake, utachanganyikiwa.

Kwenye fomu usiandike "maumivu ya tumbo" ukaishia hapo. Andika siku ngapi, anatapika nini, alishafanyiwa operesheni au la, kuna ngiri au la. Alafu muombe mtu wa mionzi kwa heshima ashuke mpaka kinena kionekane. Picha iliyokata chini ya kibofu imekuficha sehemu ambayo ngiri zinakaa. Mgonjwa mrefu apigwe mbili, ya juu na ya chini.

Picha ikija

Kwanza jina, tarehe, saa, alama ya kulia na kushoto. Hapa usiharakishe, usiku mmoja kuna wagonjwa wawili wa tumbo na picha zinabadilishana kirahisi sana. Kisha angalia kama imekamata tumbo lote na kama unaiona mifupa ya mgongo vizuri. Picha nyeusi sana inafuta gesi ndogo ndogo, nyeupe sana inaficha kila kitu.

Sasa anza chini. Tafuta kivuli cheusi cha gesi katikati ya nyonga, mbele ya sakramu (mfupa wa mgongo ulioko nyuma ya nyonga), juu kidogo ya pale mifupa ya mbele inapokutana. Hiyo ni rektamu. Kuna gesi? Kuna mavi, yale madoa doa ya kijivu na meusi yaliyochanganyika? Panda kushoto kwenye sigmoidi, kipande cha utumbo mpana kinachoingia rektamu, panda ubavuni kushoto, kata kwenda kulia chini ya ini, shuka ubavuni kulia mpaka kwenye sekamu, mwanzo wa utumbo mpana, pale chini kulia. Huo ni utumbo mpana, unazunguka pembeni kama fremu. Ukimaliza ndo uingie katikati kwa utumbo mwembamba.

Matokeo yake yanakuwa hivi. Katikati kumevimba, pembeni na rektamu hamna gesi au ipo kidogo sana: utumbo mwembamba umeziba. Pembeni kumevimba kuanzia sekamu mpaka mahali fulani alafu ghafla gesi inakata, rektamu tupu: mpana umeziba, na pale gesi ilipokata ndo karibu na tatizo. Kila mahali kuna gesi, mwembamba, mpana, mpaka rektamu, vyote vimevimba kwa wastani: hapo fikiria utumbo umelala, sio umeziba.

Kuna mitego miwili. Utumbo ukiziba kabisa, masaa ya mwanzo bado kutakuwa na gesi na choo chini ya kikwazo ambavyo havijatoka, kwahiyo gesi kwenye rektamu siku ya kwanza haikutoi kwenye hofu. Mtego wa pili ni kwamba mgonjwa akilala chali gesi inapanda mbele, na rektamu iko nyuma, kwahiyo inaweza kuonekana tupu wakati haijaziba. Kama una shaka kati ya kuziba na kulala, na mgonjwa anaweza kuvumilia, mwombe mtu wa mionzi apige moja akiwa kifudifudi, gesi itarudi kwenye rektamu kama njia iko wazi. Ni picha ya bei ndogo na inaamua mengi, nashangaa hatuiombi mara nyingi.

Mwembamba au mpana

Mahali kilipo ni dalili ya kwanza, mikunjo ni ya pili, na mikunjo ndo ya kuaminika zaidi. Utumbo mwembamba una mikunjo myembamba inayovuka upana wote kutoka ukuta huu mpaka ule, imekaribiana, hasa sehemu ya juu. Ukifika chini kuelekea mwisho wake mikunjo inapungua, utumbo unaonekana laini kama bomba, usishangae. Utumbo mpana una hausta, vile vifuko vyake, na mistari yake ni minene, imeachana, na kawaida haivuki upana wote. Ukiona na mavi ndani yake basi ni mpana.

Alafu pima. Namba ni tatu, sita, tisa. Utumbo mwembamba ukizidi sentimita 3 umevimba. Mpana ukizidi 6 umevimba. Sekamu ikizidi 9 imevimba. Pima pale palipo papana zaidi, kutoka ukuta wa nje mpaka ukuta wa nje, kwa rula, sio kwa jicho. Kama unaangalia picha kwenye simu iliyotumwa WhatsApp na haina kipimo, tumia pingili ya kiuno: kwa mtu mzima kimo cha pingili moja ni kama sentimita 3 hivi, kwahiyo utumbo mwembamba ulio mpana kuliko kimo cha pingili jirani yake unatia shaka. Ni makadirio ya kukusukuma uombe picha nzuri, sio ya kuandikia ripoti.

Kuhusu sekamu niongee zaidi maana hapa watu wanakufa. Utumbo mpana ukiziba chini, tuseme uvimbe umekaa kwenye sigmoidi, gesi inarudi nyuma. Kuna valvu pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana. Kwa baadhi ya watu valvu inaachia, gesi inarudi kwenye mwembamba, mgonjwa anavimba kote na anatapika, na picha inafanana na ya mwembamba ulioziba. Kwa wengine valvu inakaza. Hapo utumbo umefungwa ncha zote mbili, hewa haina pa kwenda, na sehemu yenye kipenyo kikubwa ndo ukuta wake unavutwa zaidi, nayo ni sekamu. Kwahiyo kikwazo kiko kushoto chini lakini inapasuka kulia. Sekamu ikifika sentimita 12 mgonjwa yuko hatarini kweli kweli, na ukimbonyeza chini kulia akaruka kwa maumivu usisubiri namba. Na kila unapoona mwembamba umevimba, kabla hujasema "ni mwembamba" rudi uiangalie sekamu. Ikiwa nayo imejaa, tatizo liko mbele yake.

Sasa levo

Sijasema hazina kazi. Zina kazi baada ya hapo. Kwenye picha ya kusimama levo ya kwenye tumbo la chakula ni ya kawaida, ya duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba) inaweza kuwepo, na levo chache fupi za hapa na pale mtu mzima mwenye afya anaweza kuwa nazo. Zinazotia wasiwasi ni zile pana, kuzidi sentimita 2.5, na hasa ukikuta kitanzi kimoja cha utumbo kina levo mbili zisizolingana urefu, moja juu moja chini, zimepishana sentimita 2 au zaidi. Hiyo inaonyesha utumbo unasukumana na kikwazo cha maana.

Kuna nyingine inapitwa sana: vipunje vidogo vya hewa vimejipanga mstari wa kwenda juu kwa mshazari, kama shanga kwenye uzi. Maana yake utumbo mwembamba umejaa maji karibu wote, na kahewa kadogo kamenaswa kwenye mikunjo ya juu. Ukiona shanga hizo na mgonjwa anatapika, chukulia ameziba.

Na hii inanipeleka kwenye picha ngumu kuliko zote, tumbo ambalo halina gesi. Mgonjwa kavimba, anatapika nyongo, ila kwenye picha ni kijivu tupu, hamna cha kupima. Mtu anaandika "picha ya kawaida" na mgonjwa anarudishwa wodini. Utumbo uliojaa maji hauonekani mweusi, unaonekana kama nyama nyingine yoyote. Eksirei ya kawaida inawakosa wagonjwa wengi walioziba, kwahiyo haina mamlaka ya kumtoa mgonjwa kwenye orodha. Ina mamlaka ya kumwingiza tu. Kama kuna ultrasaundi na mtu anayeijua, iwekwe: matanzi yaliyojaa maji yanayokwenda mbele na kurudi nyuma yanaonekana hapo vizuri kuliko kwenye eksirei.

Sigmoidi iliyojisokota

Hii naipa nafasi yake kwa sababu kwetu Afrika Mashariki ni ya kawaida kuliko Ulaya, ambako utumbo mpana ukiziba kwanza wanafikiria saratani. Kwetu mara nyingi ni mwanaume mtu mzima, tumbo limejaa mpaka linang'aa, ukiligonga linalia ngoma, na ukimuuliza vizuri atakwambia ilishamtokea huko nyuma ikajiachia yenyewe.

Kwenye picha ya kulala utaona kitanzi kikubwa mno, kimeinuka kutoka nyonga, kimepinda juu, kuta mbili za ndani zimebanana katikati zikatengeneza mstari mnene mweupe unaoshuka kushoto chini. Ndo ile inaitwa punje ya kahawa, na umbo lake ni hilo hasa, nusu mbili na mfereji katikati. Kichwa cha kitanzi mara nyingi kinaelekea juu kulia lakini kinaweza kwenda popote, hata chini ya kiwambo kushoto. Hausta zimepotea, ukuta ni laini. Rektamu haina gesi. Ufuate ule mstari wa katikati ushuke nao, unapoishia ndo pale ulipojisokota.

Kuna ya sekamu pia, adimu zaidi, yenyewe sekamu inaondoka chini kulia inakwenda juu kushoto, hausta zake bado zinaonekana, levo moja ndefu, na utumbo mwembamba umevimba nyuma yake huku utumbo mpana uliobaki umenywea. Ukitafuta sekamu mahali pake ukakuta hayupo nyumbani, jiulize.

Na kuna moja mbaya ambayo kwetu na Uganda inajulikana, utumbo mwembamba unajifunga fundo na sigmoidi. Picha inakuwa haieleweki, sigmoidi imevimba na mwembamba nao umevimba una levo, mgonjwa anaingia kwenye shoki haraka sana kuliko unavyotegemea kwa sigmoidi ya kawaida. Ukiona picha mbili ndani ya moja na mgonjwa anazama, huyo ni thieta, na usijaribu kumpitisha mpira kwa nyuma.

Maana sigmoidi ya kawaida, kama tumbo bado laini, hana homa, hakuna damu kwenye kidole, inaweza kufunguliwa kwa mpira wa rektamu kupitia sigmoidoskopu (bomba la kuangalia ndani ya rektamu na sigmoidi) na anayejua kazi hiyo, gesi na choo vinamwagika, mgonjwa anapata nafuu pale pale. Ila tumbo likiwa gumu au damu imetoka, usiuguse. Na hata ukifanikiwa asiruhusiwe nyumbani bila kuonwa na daktari wa upasuaji, inarudi.

Hewa iliyotoka nje

Kifua cha kusimama: tafuta mstari mweusi mwembamba kati ya kiwambo na ini upande wa kulia. Kushoto kuna hewa ya tumbo la chakula, inadanganya. Hata kulia kuna mtego, wakati mwingine utumbo mpana unapanda unakaa mbele ya ini, angalia kama kuna hausta ndani ya weusi huo, zikiwepo ni utumbo. Na aliyefanyiwa operesheni ya tumbo juzi anaweza kuwa na hewa iliyobaki kwa siku kadhaa, hiyo peke yake sio kutoboka.

Kwenye picha ya kulala ipo dalili ambayo Leo Rigler wa Marekani aliiandika mwaka 1941: unauona ukuta wa utumbo pande zote mbili. Kawaida unaona upande wa ndani tu kwa sababu ndani kuna gesi na nje kuna nyama. Ukiuona ukuta kama mstari mweupe uliozungukwa na weusi ndani na nje, hewa iko nje. Ila matanzi mawili yaliyogusana yanaweza kukupa picha hiyohiyo, kwahiyo tafuta mahali palipo tanzi moja tu. Kwa kijana aliyekuwa na homa wiki mbili tatu, tumbo lilikuwa laini, alafu ghafla limekuwa gumu na kuna hewa chini ya kiwambo, taifodi iliyotoboa utumbo iwe mbele kabisa kwenye akili yako.

Pia angalia mistari au vidoti vya gesi ndani ya ukuta wenyewe wa utumbo, na gesi iliyochanua kwenye kingo za ini. Kwa mtu mzima mwenye maumivu makali hizo ni dalili za utumbo unaokufa. Zinakuja kwa kuchelewa, kwahiyo kutoziona hakumaanishi utumbo uko hai. Hilo swali la nne, eksirei ni dhaifu sana hapo, linajibiwa na mapigo, homa, mkono wako tumboni na chembe nyeupe za damu.

Usisahau kinena kwenye picha. Kigesi cheusi chini ya mstari wa nyonga, kando ya mfupa wa mbele, hicho ni utumbo ulioko kwenye ngiri.

Utumbo uliolala

Siku za mwanzo baada ya operesheni, potasiamu imeshuka, maambukizi makali mwilini, dawa za maumivu za jamii ya mofini. Gesi iko kote mpaka rektamu, hakuna mpaka, tumbo liko kimya ukiweka stethoskopu na maumivu hayaji kwa mawimbi. Pima potasiamu kama maabara inaweza, rekebisha, subiri. Ila kulala kwa utumbo kunaweza kuwa matokeo ya usaha ndani ya tumbo, kwahiyo ukishasema "umelala" tafuta na kilichoulaza.

Watoto

Kwa mtoto mchanga usitegemee kutofautisha mwembamba na mpana, vinafanana. Mapovu mawili ya hewa juu, moja kubwa moja dogo, na chini hamna gesi: duodenamu imeziba. Mtoto mchanga anayetapika kijani ni dharura ya upasuaji hata picha ikiwa nzuri kabisa, kwa sababu utumbo uliojizungusha tangu kuumbwa unaweza kukatika damu ndani ya masaa, na mama wa mtoto asiambiwe "ni gesi tu, atapoa". Kichanga ambaye hajatoa choo cheusi ndani ya masaa 24 mwangalie njia ya haja kwa macho kwanza, ndo uombe picha. Kwa mtoto wa miezi minne mpaka mwaka na kitu anayelia kwa vipindi, anakunja miguu na ametoa choo chenye damu na kamasi, utumbo umeingiana, ultrasaundi ndo kipimo chake, eksirei inaweza kuonyesha tu kuwa upande wa kulia chini hauna gesi. Na mtoto mkubwa kidogo mwenye bonge la minyoo utaona mistari iliyosokotana ndani ya utumbo. Kama ameziba kabisa usikimbilie dawa ya minyoo, ongea na daktari wa upasuaji kwanza.

Simu

Ukipiga simu sema hivi, kwa mpangilio: "Shikamoo daktari. Mwanaume wa miaka 55, siku tatu hajapata choo wala upepo, anatapika tangu jana, hana kovu, ngiri hamna. Mapigo 124, presha 95 kwa 60, tumbo limejaa lakini laini. Picha ya kulala, kitanzi kimoja kikubwa kutoka nyonga kwenda juu kulia, hausta hamna, rektamu haina gesi, sekamu sentimita 8. Kifua cha kusimama hakina hewa. Nashuku sigmoidi. Mpira wa puani umeingia, ameshapata lita mbili, mkojo bado kidogo." Hapo atakuelewa kuliko ukisema "daktari kuna levo nyingi".

Ukimtumia picha kwa simu, zima taa ya chumba, bandika kwenye boksi la taa, simu iwe sawa sawa mbele bila mshazari, picha nzima sio kipande, alama ya kulia na kushoto ionekane, na jina la mgonjwa lifunike. Tuma na ya kulala na ya kifua.

Kama mmeamua kusubiri, labda ni adhesheni na mgonjwa ametulia, panga saa ya kurudia picha na iandike kwenye faili, mkao uleule, na umpapase mwenyewe kila baada ya masaa machache. Hospitali yenye dawa ya kontrasti inayoyeyuka kwenye maji (ile inayoonekana nyeupe kwenye eksirei), inapitishwa mililita 100 kwenye mpira wa puani baada ya kunyonya tumbo likawa tupu, kisha picha. Ikionekana kwenye utumbo mpana ndani ya masaa 24, wengi wa hao wanafunguka bila kisu. Bariamu, kontrasti isiyoyeyuka kwenye maji, usitumie hapa, ikitoka nje kwenye tumbo lililotoboka inaleta madhara makubwa.

Na akipelekwa rufaa, picha ziende naye kwenye bahasha, saa ya kila picha imeandikwa nyuma, mpira wa puani uwe wazi njia nzima na mfuko wake uwe chini ya kiwango cha mgonjwa, na nesi anayemsindikiza awe na bomba la sindano la mililita 50 la kunyonyea, maana barabara mbovu na tumbo lililojaa vinamfanya atapike akiwa amelala chali, na matapishi hayo yakiingia kwenye mapafu hata operesheni nzuri haitamwokoa.